Jina la Mwisho Kabla ya Kimya

Shemeji yangu Muriithi alisomwa miongoni mwa wafu akiwa hai. Asubuhi hiyo aliposomwa mjini Nyeri, yeye alikuwa kwake Tetu, amekaa kwenye kigoda akimkamua ng'ombe.

Habari hiyo niliipata kwa Mwanabibi. Mwanabibi wa Majengo na mimi tumekaa pamoja sokoni miaka mingi, mimi nikiuza nduma na viazi, yeye mandazi na chai ya tangawizi. Mumewe, Abdulatif, alikufa kule Bama, ng'ambo ya India, katika vita vya Hitila. Kila Novemba, Jumapili ile ya ukumbusho, Mwanabibi huvaa buibui lake safi akaenda uwanjani kusimama kimya dakika mbili pamoja na watu wa serikali na askari wazee wenye nishani. Miaka yote hiyo watu weusi walinyamaziwa kwa jumla tu, hakuna aliyetajwa. Mwaka wa 1971 kamati mpya ikasema sasa tuko na Uhuru, majina yetu nayo yasomwe, kisha ndiyo tunyamaze.

Basi Jumatatu yake Mwanabibi akaja, akaweka birika chini, akanishika mkono.

"Pole, Mama Wangechi."

"Pole ya nini?"

"Ya shemeji yako. Muriithi wa Ndungu. Jana nimemsikia akisomwa, wa mwisho kabisa. Na mimi nilidhani ni mzima."

"Muriithi gani? Huyu aliyeniletea hilo gunia ulilokalia?"

Mwanabibi aliruka kutoka kwenye lile gunia la nduma kama limeshika moto. Tukacheka. Halafu mimi nikaacha kucheka, kwa sababu nilielewa ni nani aliyekuwa akisomwa, na kwa nini alikuwa na jina la mtu mwingine.

Aliyekufa ni mume wangu, Kingori.

Nitaeleza ilivyokuwa. Kingori alikuwa mkamuaji kwa mzungu mmoja upande wa Naro Moru. Siku hizo kila mwanamume wetu alining'iniza kipande shingoni, karatasi ndani ya kikebe cha bati, na ukiacha kazi ni lazima mzungu wako atie sahihi kwamba amekuachilia. Yule alikataa. Mlango wa zizi ulikuwa umemponda Kingori kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kucha ikang'oka isiote tena. Alipoomba aende nyumbani apone akaambiwa ng'ombe hawakamuliwi na kidole kimoja, rudi kazini. Akatoroka. Kipande kisicho na sahihi hakikufaa kitu. Popote ungekionyesha ungeshikwa kama mtoro na kurudishwa kwa bwana wako, au jela.

Wakati huo wakaja kuandikisha askari Nyeri. Kingori alitaka kwenda. Alisema heri risasi ya mtu asiyemjua kuliko kiboko cha mtu anayemjua. Muriithi, kaka yake, alikuwa na kipande safi, kimetiwa sahihi zote. Nilikuwepo, Wangechi wangu akiwa mgongoni, hajaanza hata kukaa. Muriithi alivua kikebe chake shingoni akamvisha mdogo wake.

"Utakirudisha," akamwambia.

"Nitakirudisha na kanzu ya Kihindi juu yake," Kingori akajibu.

Karani wa kuandikisha alinakili jina na nambari kutoka kwa ile karatasi. Hakumtazama usoni, hakutazama alama za vidole. Mume wangu akapanda lori akiitwa Muriithi.

Mwaka wa 1945 tukaitwa kambini kwa chifu. Barua ikasomwa mbele ya watu: Muriithi wa Ndungu amekufa akimtumikia Mfalme. Muriithi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yetu. Mama mkwe wangu alinyoosha mkono akamwinamisha kichwa asionekane, na kwa mkono huo huo akajipiga kifua, akaanza kulia, "Muriithi! Muriithi mwanangu!" Angefanya nini? Angelia Kingori, wangemfunga Muriithi kwa kuazima kipande. Kwa hiyo mama alimlilia mtoto aliye hai, na yule aliyekufa hakuliliwa. Mimi sikuruhusiwa kulia hata kidogo. Wangeniuliza unalia nini, kwani mume wako amekufa?

Na wajua walifanya nini baada ya hapo? Walikuja kumtafuta Kingori. Mara mbili, askari kanzu na yule nyapara wa Naro Moru, kumtafuta mtoro wa mzungu. Kingori amelala katika matope ya Bama, amekufa kwa ajili yao, na mimi nasukumwa kifuani kwa kitako cha bunduki ati nimtoe chini ya kitanda. Nilisema sijui aliko. Na kwa kweli sikujua. Hadi leo kaburi lake sijaliona.

Uhuru ulipokuja Muriithi alipewa kitambulisho kama watu wote, kwa jina lake halali, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mama mkwe alikufa. Jambo likabaki kati yangu na Muriithi, na hatukulizungumza. Kila akiniletea nduma aliweka gunia chini na kuuliza hali ya Wangechi, na kila nikimpa chai aliinywa akitazama pembeni.

Ningenyamaza mpaka kaburini. Lakini mwaka wa 1972, mwezi wa kumi, Mwanabibi akaja na habari nyingine. Kamati imenunua jiwe. Majina yote yale yatachongwa, na kuchonga kutaanza Jumatatu baada ya ile Jumapili ya kimya. Hapo ndipo nilipopata joto. Jina la kusomwa hupita na upepo, lakini la jiwe? Wajukuu wangu, watoto wa Wangechi, wangesimama mbele ya jiwe lile kumtafuta babu yao na wasimwone. Wangeona jina la babu yao mkubwa anayewaletea miwa.

Nilifunga biashara saa nane, nikanawa miguu, nikavaa viatu, nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Alikuwa anaitwa Sajini Wamae, mzee mrefu mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta. Alikuwa na afisi ndogo nyuma ya ukumbi, meza moja, faili moja, na picha yake akiwa na kofia ya vita. Nilimweleza yote, tangu zizi mpaka lori. Alinisikiliza akichezea kalamu.

"Mama," akasema, "huyo Muriithi unayemtaja nilikuwa naye. Kombania moja. Nilimzika mimi kwa mikono hii, kando ya mto. Sasa waniambia nini wewe uliyekuwa hapa ukipika?"

"Ulimzika?" Miaka yote sikuwahi kukutana na mtu aliyemwona. "Alikuwaje?"

"Mcheshi. Alituimbia. Alikamua ng'ombe wa vijiji vya kule, wenyewe wakashangaa, maana kidole kimoja hakikuwa na..."

Kalamu ikasimama mkononi.

"Maliza," nikamwambia. "Hakikuwa na kucha. Cha mwisho, mkono wa kushoto. Mlango wa zizi, Naro Moru. Huyo ni Kingori, Sajini. Muriithi ana kucha zake zote kumi, njoo Tetu uzihesabu."

Sajini aliweka kalamu chini. Nilidhani amelainika. Badala yake akafunga faili.

"Orodha hii imetoka ng'ambo, Mama. Ikapita Nairobi, ndiyo ikafika kwangu. Mimi ni nani niiguse?"

"Wewe ni mtu aliyemzika."

"Nilimzika Muriithi. Ndivyo alivyoitikia kila asubuhi tukihesabiwa. Na nikuambie, hili jambo ukilifukua utafukua mengi. Wangapi walienda na vipande vya kaka zao, vya binamu zao? Wengine walirudi. Wana nishani, wana heshima zao. Unataka wote waitwe waongo?"

Nilimtazama masharubu, nikaitazama ile picha.

"Sajini, wewe Wamae ni jina ulilopewa na mama yako?"

Masikio yake yaligeuka rangi. Akasimama, akafungua mlango.

"Nenda nyumbani, Mama. Lete ushahidi wa maandishi. Kamati haifanyi kazi na kucha."

Ushahidi wa maandishi! Maandishi ndiyo yaliyotupotezea mtu.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Jitu, fundi wa mawe, karakana yake iko nyuma ya maduka ya Wahindi. Ndiye aliyepewa kazi. Alikuwa amevaa miwani iliyojaa vumbi, na jiwe lenyewe lilikuwa pale limelazwa juu ya magunia, jeusi, laini, halina hata mkwaruzo.

"Jitu, ukifika jina la mwisho, chonga Kingori."

"Mama, mimi nachonga karatasi," akasema. "Karatasi ikisema Ambalal, nachonga Ambalal, hata kama Ambalal iko dukani inauza sukari. Nikichonga yangu, kesho kazi nani atanipa? Badilisha karatasi, mimi nabadilisha jiwe. Mpaka Jumatatu."

Angalau huyo hakuniambia nina wazimu. Nikabakiwa na njia moja, nayo ilikuwa Tetu.

Muriithi nilimkuta akitengeneza ua. Niliposema nilichotaka alichukua hatua nyuma.

"Niende pale? Niitwe na wafu, niitike? Hapana, Mama Wangechi. Mwaka jana wamenisoma mara moja tu, na wiki hiyo hiyo ng'ombe wangu akafa."

"Ng'ombe wako alikula mahindi mabichi akafura tumbo."

"Na kwa nini alikula wiki hiyo?"

"Kwa sababu ua wako ni mbovu. Ndio huo unaotengeneza."

Hakucheka. Alikaa chini kwenye nyasi, akaanza kung'oa moja moja.

"Wewe hujui," akasema. "Mimi ndiye nilimvisha. Kile kikebe. Nisingempa, asingeenda. Kila nikilala naona kile kifo kilikuwa na jina langu juu yake, kikamkuta yeye kwa sababu alikuwa amelivaa. Sasa nikiitwa nikaitika, si kitakuja kwa mwenyewe?"

Nilimwonea huruma, sikatai. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko huruma.

"Muriithi, wewe unaogopa kufa kwa kusomwa. Yeye alikufa kwa risasi, na hajasomwa. Mama yako alikulilia wewe, umekaa hapa unang'oa nyasi. Chifu alikutangaza wewe. Jumapili watu wa Nyeri wote watanyamaza kwa ajili yako. Jumatatu Jitu atakuchonga. Ndugu yako amebakiwa na nini? Mimi siwezi kusimama nikasema sikuitwa. Anayeweza kusema hivyo ni mmoja tu duniani."

Nilimwacha hapo, nikashuka kwenda barabarani.

Jumapili ilikuwa na manyunyu yale ya Novemba, baridi ya kupenya sweta, mlima umefunikwa kabisa kama haukuwahi kuwepo. Uwanjani waliweka viti vya wageni chini ya turubai, sisi wengine tukasimama kwenye nyasi zilizolowa. Palikuwa na shada la maua mekundu ya karatasi, rangi imeanza kuchuruzika. Askari wazee walijipanga, nishani zikigongana kila mmoja akikohoa. Mwanabibi alikuwa kando yangu, chini ya mwavuli wake mmoja. Nilizungusha macho nikimtafuta Muriithi. Sikumwona.

Sajini Wamae alisimama mbele na karatasi ndani ya plastiki. Alisoma kama wanavyohesabiwa askari asubuhi: anaita jina kwa nguvu, anangoja, hakuna anayejibu, anaita lingine. Ule ungojaji ndio unaokata watu maini. Mtu anaitwa kwa sauti ile kubwa, na wewe moyo wako, hata baada ya miaka, unasikiliza kama atajibu.

"Abdulatif wa Ali!"

Kimya. Mwanabibi alisogeza midomo, akanibana vidole.

Yakaendelea majina. Nyuma ya Sajini alisimama mpiga tarumbeta, kijana wa bendi, macho yake hayatoki kwenye saa ya mkononi, kwa maana aliagizwa apige saa tano kamili, isizidi hata nukta. Ilikuwa imebaki kidogo sana. Jina nalo lilikuwa limebaki moja.

"Muriithi wa Ndungu!"

"Niko!"

Sauti ilitoka nyuma kabisa, karibu na miti. Watu wakageuka wote kwa pamoja. Muriithi alikuwa amevaa koti refu la marehemu baba yao, lile la kijivu linaloliwa na nondo, na mkono wake mmoja ulikuwa juu kama wa mwanafunzi. Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Ai, huyu amefufuka?" Chini ya turubai wageni waliulizana kwa Kiingereza.

"Mzee, kaa chini!" Sajini akaita. "Hapa tunaita waliokufa."

"Si wewe umeniita?" Muriithi akaanza kutembea mbele, watu wakimpisha. Sauti ilikuwa ikitetemeka lakini haikuisha. "Muriithi wa Ndungu ni mimi, kitambulisho ndicho hiki. Bama siijui hata kwa picha. Kipande kilikuwa changu, nilimpa ndugu yangu kwa mkono huu. Aliyekufa ni Kingori. Kingori wa Ndungu!"

Sajini alifungua mdomo kumjibu.

Tarumbeta ikalia. Yule kijana wa bendi hakuwa amesikia lolote, yeye alikuwa na saa yake. Saa tano kamili.

Na sasa ikawa kimya. Dakika mbili, kwa amri ya serikali, kwa amri ya Sajini mwenyewe, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ametuonya kwamba atakayekohoa atatolewa. Mdomo wake ulikuwa bado wazi. Aliufunga polepole. Hakuweza kusema mzee huyu ni mlevi. Hakuweza kusema lete ushahidi. Hakuna mtu uwanja mzima aliyeweza kulifuta lile jina, kwa sababu kulifuta kungetaka neno, na neno lilikuwa limekatazwa. Lilikuwa jina la mwisho kusemwa, na likabaki hapo hewani juu ya vichwa vyetu, na watu wote, wageni, askari wa zamani, wauzaji wa njugu, walikuwa wakilinyamazia bila kutaka.

Nilisikia manyunyu kwenye mwavuli. Nilisikia kiti kimoja kikilia chini ya mtu mnene. Muriithi alikuwa amesimama katikati, peke yake, kitambulisho bado juu, maji yakimtiririka kwenye mkono wa koti, na uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtoto. Mimi nililia. Miaka ishirini na saba tangu ile barua, nikalia kwa mara ya kwanza mbele za watu, bila sauti, jinsi ilivyotakiwa. Mwanabibi alinishika kiuno nisianguke.

Niliwatazama askari wazee. Wengine walikuwa wameinamisha vichwa zaidi kuliko kawaida. Mmoja alikuwa akitazama viatu vya Sajini, si shada.

Tarumbeta ilipolia mara ya pili, Sajini alinijia mimi moja kwa moja, si Muriithi.

"Mmeharibu sherehe ya serikali."

"Tumenyamaza kama mlivyosema," nikamjibu.

"Nilikuambia ushahidi!"

"Ushahidi umesimama pale, anatetemeka kwa baridi. Nenda ukamguse. Kisha uniambie uliyemzika ni nani."

Hakwenda. Alikunja karatasi yake na plastiki yake, akaondoka akipita kwenye matope badala ya njia.

Sasa nikuambie walichofanya, wewe uone kama nina haki ya kukasirika. Jumatano nilikwenda kwa Jitu. Akanionyesha karatasi aliyoletewa. Mstari wa mwisho ulikuwa umekatwa kwa mkasi, ukingo umenyooka vizuri. Hawakuandika Muriithi, na hawakuandika Kingori. Walipoona wamekosea waliona heri pasiwe na mtu kabisa.

"Mimi nimepima mistari mapema," Jitu akasema, "kwa hivyo chini nafasi inabaki. Nikaambiwa acha tu hivyo."

Muriithi alifurahi sana kusikia. Alichinja kuku. "Nimetoka!" akasema, na tangu siku hiyo ananitazama usoni akinywa chai. Sikumvunjia furaha yake. Yeye alitoka, sawa. Kingori hakuingia.

Nimeandika barua nne kwa kamati, kwa mkono wangu, hati ya darasa la nne. Mbili hazikujibiwa, moja ilijibiwa kwamba jambo linashughulikiwa, moja ilirudi ikiwa imefunguliwa. Wangechi huniambia, mama, wacha. Siachi. Niko na muda.

Na kila Novemba naenda. Sajini Wamae bado anasoma, masharubu yamekuwa meupe, na hajawahi kunisalimu tena. Lakini akimaliza jina la mwisho kwenye karatasi hakunji mara moja. Anaishusha, anainua macho juu ya vichwa vyetu, anangoja kidogo, kiasi cha jina moja tu. Basi mimi nalisema kutoka kwenye nyasi, kwa sauti ya sokoni. Kingori wa Ndungu! Hakuna anayeninyamazisha. Halafu tarumbeta.

Kungojwa si kuandikwa. Jiwe lile liko pale, na chini yake pana pengo laini ambalo mvua huteleza juu yake bila kushika kitu. Jitu alilipima kwa jina la Muriithi, herufi kumi na sita. Nimehesabu kwa vidole, mara nyingi. Kingori wa Ndungu ni kumi na tano. Anaenea.